Msimu Ambao Haukuchezwa

Miamba ya Iringa walimtoa beki wao bora, Oswin Mpangala, wakampeleka Mbeya. Mbeya wakawapa mshambuliaji ambaye goti lake lilikuwa limeshapasuliwa na madaktari mara mbili. Mpangala akabeba kombe na Mbeya. Miamba wakashuka daraja. Hilo ndilo lilikuwa tatizo, na Iringa nzima ililijua, hata wale wasiojua mpira wa magongo unachezwaje.

Lililobaki lilikuwa swali moja. Kocha Lazaro Mgaya, aliyefanya mabadilishano hayo, alikuwa mjinga au alikuwa mwizi?

Zamani swali la namna hiyo lingebishaniwa vijiweni mpaka watu wachoke, kila mmoja arudi kwake na jibu lake. Lakini zamani hakukuwa na Kirejeshi.

Jumamosi hiyo uwanja wa Gangilonga ulijaa watu waliokuja kutazama timu isiyokuwepo. Nguzo zilizouzunguka uwanja zilimwaga nuru kwenye nyasi za bandia, na kutoka kwenye nuru hiyo wakasimama wachezaji: miili ya mwanga, mirefu kama watu, yenye jasho la mwanga na magongo ya mwanga. Watu waliwaita vivuli-nuru. Gongo likigonga mpira ulisikia mlio wake. Mchezaji akianguka uliona nyasi zikilala, ingawa hapakuwa na mtu pale. Na nyuma kabisa, mbele ya kipa, alisimama Oswin Mpangala mwenye jezi ya Miamba, jezi ambayo msimu mzima wa kweli hakuivaa.

Huo ulikuwa msimu ambao haukuchezwa. Kirejeshi kilikuwa kimeutunga.

Kazi yake si uganga. Kila mchezaji wa ligi huvaa jezi-sikivu, yenye uzi unaohesabu mapigo ya moyo, unaopima mbio, unaosikia sauti. Kutokana na hayo mtambo hujenga pacha wa kila mchezaji, pacha wa hesabu, anayekimbia kama yeye na kukosea kama yeye. Ukitaka kujua mabadilishano yalikuwa na maana au la, unawarudisha mapacha mahali pao pa zamani, unauambia mtambo ucheze msimu upya, kisha unalinganisha. Watu wa ligi waliupenda sana. Mpaka wakatunga sheria: kocha ambaye Kirejeshi kitaonyesha kwamba aliiangamiza timu yake kwa mabadilishano yasiyo na maana, atanyang'anywa leseni maisha.

Aliyekijenga Kirejeshi alikuwa juu, katika chumba cha mitambo, ameegemea kioo na mikono kifuani. Mhandisi Gaudensia Chaula alikuwa Mkinga wa Makete, mwanamke wa miaka hamsini na kitu, na kushuku kulikuwa tabia yake tangu utotoni. Ukimwambia mvua inanyesha, alitoa mkono dirishani kwanza.

Chini, Mpangala wa nuru alimpokonya mtu mpira, akaupiga mbele, Miamba wakapata kona ya adhabu, wakafunga. Uwanja ukanguruma. Wazee walikuwa wanafuta machozi kwa sababu ya bao ambalo halikufungwa na mtu yeyote.

"Nafasi ya pili," alisema Mwenyekiti Kamugisha nyuma ya Gaudensia. Kamugisha aliongoza Kamati ya Haki ya Ligi, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyekwisha kula. "Wangemaliza nafasi ya pili. Hapo sina la kuongeza. Ijumaa tunamsikiliza Mgaya, tunamaliza."

"Mbona unaharakisha?"

"Mkwe wa Mgaya ni katibu wa timu ya Mbeya. Unataka nini zaidi, mama? Picha ya wawili wakila sahani moja?"

Gaudensia alirudisha macho uwanjani. Hata yeye alikuwa analiwaza la huyo mkwe. Lakini kulikuwa na jambo lingine lililomkera kama punje ya mchanga kwenye kiatu. Kocha Mgaya alikuwa amekaa pale chini, peke yake, viti vyote vya jirani vikiwa vitupu kwa sababu hakuna aliyetaka kukaa karibu naye. Watu wote walikuwa wanamtazama Mpangala. Mgaya hakumtazama Mpangala hata kidogo. Alikuwa anamtazama kipa.

*

Jumatatu Gaudensia alikwenda kwa Mgaya, Kihesa. Alimkuta uani akifunga utepe kwenye mipini ya magongo ya watoto wa mtaa.

"Shikamoo, kocha."

"Marahaba. Umekuja na mtambo wako au umekuja peke yako?"

"Peke yangu. Nina swali kuhusu mkwe wako."

"Mkwe wangu ni mpumbavu," alisema Mgaya bila kuinua kichwa. "Hajanisalimia tangu Pasaka. Mtu asiyeweza kunisalimia ataweza kunihonga?"

"Basi kwa nini ulimtoa Mpangala?"

"Nilimtoa."

"Hilo si jibu."

"Ni jibu. Ila si lile ulilolifuata."

"Kocha, Ijumaa watakunyang'anya leseni. Hutafundisha hata timu ya shule ya msingi. Hawa watoto wa haya magongo hutaruhusiwa kuwapulizia filimbi. Unalijua hilo?"

"Nalijua."

"Na unakaa kimya."

Mgaya aliukata utepe kwa meno. "Huo mtambo wako unasikia kila kitu, sivyo?"

"Kila neno lililosemwa uwanjani. Mechi na mazoezi."

"Na matusi?"

"Na matusi. Lakini matusi ya watani hayahesabiwi. Kanuni hiyo niliiweka mimi mwenyewe." Alilisema hilo kwa fahari kidogo, maana lilikuwa limempatia tuzo. Mitambo ya kwanza iliyoletwa kutoka nje ilikuwa inasikia Mhehe na Mngoni wakitukanana, au Mchaga na Mpare, inaandika ugomvi. Timu zikavunjwa bure. Gaudensia ndiye aliyeufundisha mtambo kwamba mtani ana haki ya kukutukana wewe na babu yako, na huna haki ya kununa. Tusi la mtani likapewa uzito wa sifuri.

Mgaya alimtazama kwa mara ya kwanza. "Sifuri?"

"Sifuri."

"Haya," alisema, akachukua gongo jingine. "Nenda salama, mama. Barabara ya huku ina mashimo."

Gaudensia aliondoka akiwa na hasira. Mtu mwenye haki hujitetea, aliwaza. Anayenyamaza ana cha kuficha. Lakini kufika kwenye kona alisimama. Hakupenda jinsi mzee yule alivyolirudia lile neno.

*

Kipa wa Miamba aliitwa Ditrick Kikoti. Mhehe wa Kalenga. Mpangala alikuwa Mngoni wa Peramiho. Kipa na beki, Mhehe na Mngoni: jambo hilo lilikuwa burudani ya timu nzima kwa miaka minne.

Gaudensia alifungua kwanza msimu ambao haukuchezwa. Pacha wa Mpangala alimtukana pacha wa Kikoti, pacha wa Kikoti akacheka. Kila mara alicheka. Bila shaka alicheka, kwa kuwa kanuni ilimwambia kwamba mtani hucheka.

Kisha akafungua sauti za kweli, za miezi ya mwisho kabla ya Mpangala kuondoka. Alianza na za mwanzo.

"Wewe mla mbwa, toka golini, kuna mbwa amepita kule barabarani, utachelewa."

"Acha apite. Nikitoka, nani atakuonyesha njia? Nyie Wangoni babu zenu walikimbia kutoka Kusini, mpaka leo hamjajua pa kusimama."

"Tulisimama. Tulisimama kwenu, tukawapiga."

"Mlitupiga? Muulize babu yako kwa nini alirudi Songea amebeba kiatu kimoja."

"Babu hakuwa na viatu."

"Ndiyo maana alikimbia vizuri."

Timu nzima ilikuwa inavunjika mbavu. Gaudensia naye alicheka peke yake mle chumbani. Akasogeza mbele, mwezi hadi mwezi. Mzaha ukaendelea, lakini sasa ulikuwa umepata mada mpya. Kikoti alikuwa ameoa, na Mpangala alikuwa anataka mtoto wa kumtania.

"Mhehe, mwaka wa pili huu. Au baridi ya Iringa imegandisha mbegu?"

Wengine wakacheka. Kikoti hakusema kitu.

"Niite basi nije kukusaidia kuwasha moto, mtani. Mimi natoka bondeni, mimi wa moto."

Kicheko tena. Kikoti kimya. Siku iliyofuata hivyo hivyo. Wiki iliyofuata hivyo hivyo. Gaudensia alisikiliza mpaka masikio yakamuuma, akitafuta mahali Kikoti anajibu. Hakupapata. Mtu aliyekuwa na jibu kwa kila tusi, mtu wa kiatu kimoja, alikuwa amekauka.

Mtambo ulikuwa umesikia yote hayo. Tusi la mtani, sifuri. Ukimya wa aliyetukanwa, nao sifuri.

Gaudensia alikaa. Alimshuku Mgaya, alimshuku mkwe, alimshuku Kamugisha na haraka yake. Mtu mmoja tu hakuwa amemshuku, naye ndiye aliyeiandika kanuni.

*

Mlango wa Kikoti ulifunguliwa na mkewe, Redempta, mwalimu, mwanamke mfupi mwenye macho yasiyokwepa. Kikoti mwenyewe alikuwa amekaa sebuleni, jitu zima, magoti yamejaa mbele yake kama mawe.

"Kama ni habari za kocha, sina la kusema," alisema.

"Wanamfukuza Ijumaa."

"Nimesikia."

"Unajua kwa nini alimtoa Mpangala?"

Kikoti alitazama mikono yake. "Muulize yeye."

"Nimemuuliza. Amefunga mdomo kama wewe. Watu wawili wamefunga mdomo juu ya jambo moja, mimi nikiona hivyo nadhani kuna wizi. Niambie si wizi, niondoke."

Kisha Redempta akasema kutoka mlangoni, "Mwambie."

"Redempta."

"Mwambie, au nitamwambia mimi. Yule mzee amebeba mzigo wetu mwaka mzima. Inatosha."

Basi Kikoti akasema. Alisema kwa sauti ndogo isiyolingana na mwili wake. Mimba ilikuwa na miezi saba. Hawakuwa wamemtangazia mtu, kwa sababu mbili zilizotangulia zilitoka mapema. Mtoto alizaliwa asilie. Wa kike. Na mtoto asiyelia huzikwa na wanawake, kimya kimya, bila tanga, bila watani. Ilikuwa Jumapili. Jumatatu yeye alikuwa mazoezini, na Mpangala akamuuliza kama baridi imegandisha mbegu.

"Hakujua," alisema Gaudensia.

"Hakujua. Oswin hana ubaya. Ndiyo hivyo. Angekuwa na ubaya ningempiga gongo nikamaliza."

"Mbona hukumwambia aache?"

Kikoti alimtazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini hakuruka angani. "Mtani hanuni, mama. Ningesema acha, wote wangejua kuna kitu. Ningemwambia Oswin pembeni, angenyamaza, na Oswin akinyamaza siku moja tu timu nzima inauliza kulikoni. Njia zote zilikuwa zinapita kitandani kwa mke wangu."

"Lakini kocha ulimwambia."

"Sikumwambia. Alinikuta stoo. Nilikuwa nimevaa lile kofia la kipa, nimekaa gizani nalia. Akakaa. Akaniapia hatasema. Wiki mbili baadaye Oswin akapelekwa Mbeya, kwa mchezaji yeyote waliyekuwa tayari kumtoa." Aliinua mabega. "Na mimi nikashusha timu, maana sikuwa nashika hata mpira wa kitambaa. Uliwahi kumwona kipa anayesikiliza sauti isiyokuwepo? Nilikuwa nasimama pale nasubiri Oswin aseme."

Gaudensia alitaka kusema pole. Redempta alimtangulia: "Usitupe pole. Tupe nafasi ya kusema hiyo Ijumaa."

*

Alhamisi Gaudensia aliifuta kanuni yake. Hakuandika nyingine. Aliuacha mtambo upime wenyewe, moyo na pumzi na mikono ya Kikoti wa kweli kila alipotukanwa, kisha akauamuru ucheze msimu upya, Mpangala akiwa Iringa.

Ijumaa aliuonyesha mbele ya kamati, si uwanjani bali juu ya meza, vivuli-nuru vidogo kama vidole. Mgaya alikuwepo na koti lake la harusi za watu wengine. Kikoti na Redempta walikuwepo. Oswin Mpangala alikuwa ameitwa kutoka Mbeya kama shahidi, amekaa mwisho wa benchi, mchangamfu, bado hajui kitu.

Juu ya meza Miamba walianza vizuri. Kisha kipa mdogo wa nuru akaanza kuchelewa. Mpira ukipigwa kushoto, anafika ukiwa umeshapita. Katikati ya msimu, kwenye mechi ambayo wangeweza kushinda, alivua kofia, akaliweka chini kwa uangalifu, akatoka uwanjani akitembea. Hakurudi, wala katika mechi yoyote iliyofuata mtambo haukumwonyesha tena. Haukusema amekwenda wapi. Miamba wakashuka daraja, tena mapema zaidi.

Kamugisha alikunja uso. "Mhandisi, wiki iliyopita mtambo huu ulituambia nafasi ya pili. Leo unatuambia wanashuka. Kesho utatuambia nini? Au na wewe una mkwe Mbeya?"

Watu wakacheka kidogo.

"Msiniamini," alisema Gaudensia. "Wala msiuamini mtambo. Huyo hapo, mwulizeni."

Kikoti alisimama, akasema yote. Aliyasema akimtazama Mwenyekiti, hakugeuza shingo hata mara moja kuelekea mwisho wa benchi. Alipomaliza, Mpangala alikuwa amekunja kofia yake mikononi mpaka imekuwa kamba.

"Ditrick," alisema. "Mwaka mzima nimemlaani huyu mzee. Nilidhani aliniona sifai."

Mgaya akasema, "Ulikuwa unafaa."

"Ungeniambia, Ditrick."

"Ningekuambia, ungenyamaza."

"Ningenyamaza, ndiyo."

"Na wote wangejua."

Mpangala akafungua mdomo. Miaka minne hakuwahi kukosa neno mbele ya mtu huyo. Watu walimngoja, Gaudensia aliona hata Kikoti anamngoja, bega moja limeinuka kidogo, kama mtu anayejiandaa kurudisha. Neno moja tu la kijinga lingetosha, la mbwa au la babu.

"Pole sana, ndugu Kikoti," alisema Mpangala. "Pole na kwako, mwalimu."

Bega la Kikoti likashuka. "Asante," alisema.

Kamati haikukaa sana. Mgaya alionekana hana hatia. Mabadilishano yalikuwa na maana. Kisha Kamugisha, aliyekuwa ameaibika na hakutaka kuaibika tena, akaongeza amri ya pili. Kuanzia msimu ujao Kirejeshi kitahesabu kila tusi, la mtani na la asiye mtani. Jezi-sikivu zitalia filimbi ndogo tusi likitamkwa, na mchezaji atatolewa nje.

"Sikuomba hilo," alisema Gaudensia.

"Ulituonyesha madhara, mama. Tukae tu tukiyatazama?"

"Matusi hayo ndiyo yaliyomshikilia huyu mtu asianguke miaka minne. Yalikosea mara moja."

"Na utauambiaje mtambo tofauti hiyo?"

Gaudensia aliwaza. Alikuwa na tuzo mbili na vijana wa kutosha chini yake, na hakuwa na jibu. Kamugisha aliigonga meza, kikao kikafungwa.

Nje, kwenye baraza, Kikoti alikuwa anamsubiri mkewe. Gaudensia alisimama karibu naye. Mpangala alikuwa anashuka ngazi kwenda kituo cha mabasi, peke yake, haraka, bila kugeuka.

"Umeona?" alisema Kikoti. "Ameniita ndugu."

"Alikuwa anakuheshimu."

"Mngoni kuniheshimu mimi," alisema Kikoti, akatikisa kichwa. "Basi imekwisha, mama."

Mgaya alibaki na leseni, lakini hakuna timu iliyomwita. Waliosema ni mwizi wiki ile hawakujishughulisha kusema vinginevyo, na alimaliza na watoto wa Kihesa. Mshambuliaji wa goti bovu, ambaye hakumkosea mtu, alizomewa mpaka akaacha mchezo. Miamba walibaki daraja la pili. Redempta alihama shule, kwa sababu jambo alilolizika na wanawake watatu sasa lilijulikana na mji mzima. Mpangala alicheza Mbeya misimu mingine, beki mzuri, asiyezungumza. Kikoti alirudi golini, akashika mipira vizuri kuliko zamani, na mbele yake alipangiwa beki kijana, Mngoni wa Mbinga, ambaye kila siku alimwamkia shikamoo, akageuka, akacheza robo zote nne kimya.